Ndege ya Kaka

Kaka anauza spea za pikipiki hapa Nzuguni. Mwaka wa sita sasa anaweka akiba anunue Cessna 150, ndege ya viti viwili iliyoacha kutengenezwa 1977. Iliyotumika, anasema, haipiti bei ya Prado. Kinachoumiza ni mafuta, maegesho na ukaguzi wa kila mwaka. Mama huuliza itabeba magunia mangapi ya mtama. Labda moja, Mama mwenyewe akibaki nyumbani.

Nami nilisema ni anasa, wakati majirani wanapanga foleni ya maji. Lakini mwenye Prado hatujawahi kumuuliza habari za magunia. Tena ada yangu ya uzamili ilitoka kwenye akiba hiyohiyo, na sijairudisha. Nikimshauri aache, sijui kama namtetea jirani au nakwepa deni.