Likizo ya Juni Bagamoyo

Bagamoyo, mji wa pwani ulio yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, unafaa familia zenye wanafunzi wakati wa likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha. Kaole, karibu na mji huo, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Watoto huweza kuyachora au kuyapima kwa hatua. Katika misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, ndipo mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba kwa miguu kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Ufukweni lipo soko la samaki, lenye shughuli nyingi mashua zinaporudi.