Kivuli na Amana: Picha za Mohamed Amin Baada ya Zama za Filamu

Mshairi anapofariki huacha maneno, na maneno hayana mwili. Aliyeyahifadhi kifuani anayo yote kamili, na akimsomea mwenziwe yeye mwenyewe hapungukiwi na kitu. Mpiga picha wa magazeti hakujaaliwa hivyo. Urithi wake ni ukanda mwembamba uliopakwa dawa ya madini ya fedha, na ndani ya ukanda huo mna nyuso za watu wengine. Ndipo linapozuka suali ambalo zama za dijitali zimelifanya kuwa zito zaidi: anapoondoka mpiga picha, kinachostahiki kuhifadhiwa ni kitu gani hasa, na mwenye kukihifadhi anamhifadhia nani?

Mfano ulio karibu na bahari hii ni wa Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na mwaka 1963, akiwa bado kijana mno, akaasisi Camerapix mjini Dar es Salaam na kuanza kuyauzia magazeti na mashirika ya habari picha zake. Januari 1964 alizipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alikamatwa hapa visiwani, akatiwa gerezani kwa takriban wiki nne, na baada ya hapo Nairobi ikawa makao yake. Mwaka 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi, Amin alifika mapema na kamera yake. Mwaka 1984, pamoja na mwandishi Michael Buerk, alizichukua picha za njaa ya Korem, Ethiopia. Mwaka 1991 mripuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarejea kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyokuwa akisafiria ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walipoteza maisha, naye akawa mmoja wao.

Mauti yalimkuta mlangoni pa zama mbili. Kamera za dijitali zilikuwa zimekwisha kuzuliwa, lakini vyumba vingi vya habari vya Afrika Mashariki vilikuwa bado vikisafisha picha zao katika chumba cha giza. Miaka michache baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2009 Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza filamu ya Kodachrome, na mwaka 2012 kampuni hiyo ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Hivyo Amin aliacha kazi ya umri mzima, ambayo hesabu yake hutajwa kwa mamilioni ya picha, katika chombo ambacho dunia ilikuwa inakipa mgongo.

Hapana shaka kwamba kuzihamishia picha hizo katika dijitali ni wajibu. Mkaazi wa mwambao hahitaji mtaalamu wa kumfahamisha. Amekwisha kuziona picha za harusi ya wazee wake zikinasana kabatini, na ukungu ukila nyuso za mashangazi. Filamu ikikaa katika joto na unyevu huoza taratibu, na aina zake nyingi huanza kutoa harufu ya siki kabla ya kujikunja na kuharibika moja kwa moja. Kuacha picha zife hivyo kwa kuogopa mambo mapya si heshima kwa marehemu. Ni uzembe uliovikwa kanzu ya heshima.

Hata hivyo, anayedhani kwamba dijitali ni kaburi la zege amekosea. Negativu iliyosahauliwa sandukuni kwa miaka arubaini, hata ikiwa imechubuka, huinuliwa kwenye mwanga na jicho likaona kitu. Diski iliyosahauliwa kwa muda huohuo huenda isiseme neno: imekufa kimyakimya, au mashine iliyokuwa ikiisoma haipatikani tena. Cha dijitali huishi kwa kunakiliwa, na kunakiliwa tena, na mtu anayejali kila baada ya miaka. Kwa hiyo kuhama kutoka filamu kwenda dijitali hakumwondolei mrithi mzigo wa kutunza. Humbadilishia namna ya kuuchukua tu. Aliyekuwa akilinda sanduku sasa analinda ada, na ada ikikatika siku moja, urithi wote umekatika.

Baada ya hapo huja tatizo la kuchagua. Katika miaka ya karibuni, kwa ushirikiano wa Mohamed Amin Foundation na Google, maelfu ya picha zake yamewekwa kwenye mtandao, na mtoto wa Pemba au wa Lamu anaweza kuzitazama bila ya kupanda ndege kwenda Nairobi. Hiyo ni neema, na waliofanya kazi hiyo, akiwamo mwanawe Salim Amin, wanastahiki shukurani. Lakini maelfu si mamilioni. Kila picha iliyoonyeshwa imeziacha nyingine gizani, na macho ya watu huvutwa na zile ambazo tayari ni mashuhuri. Amin alizipiga pia picha za mahujaji wa Makka, za mashindano ya magari ya Safari Rally, za wafugaji wa Turkana. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka thelathini akikumbukwa kwa Korem pekee, huwa amehifadhiwa nusu na kuzikwa nusu. Na Afrika aliyoipiga picha hubakia na sura moja, sura ya mwenye njaa, ilhali yeye aliiona nyingine nyingi.

Zaidi ya kuchagua, kuna kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mpiga picha wa magazeti ni maneno yaliyoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha au nyuma ya karatasi: nani, wapi, lini. Mashine ya kuskani huuona uso wa picha, haiuoni mgongo wake. Mfanyakazi mwenye haraka akiipitisha picha elfu kwa siku na kuiacha bahasha kando, atakuwa ameziokoa picha na kuzipoteza habari zake.

Wapenzi wa mashairi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, zingeweza kutoweka pamoja na kizazi kilichozihifadhi kwa moyo. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya pamoja na W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa katika diwani. Msomaji wa leo hupata maana ya nyingi kati ya beti hizo kwa kuwa palikuwa na watu waliojua zilitungwa kwa tukio gani, zikimlenga nani, katika vita gani vya Wamazrui na Sayyid Said. Bila ya elimu hiyo zingebaki vina na mizani tu: sauti tamu, maana imefungwa. Picha isiyo na maelezo yake ina hali mbaya zaidi. Ubeti usiofahamika hunyamaza, ilhali picha isiyofahamika haiishi kusema, ila husema lolote atakalo mwenye kuionyesha.

Zanzibar ina ushahidi wa hilo. Filamu ya Kiitaliano Africa Addio ya mwaka 1966 ilitia ndani yake picha zilizochukuliwa kutoka angani wakati wa Mapinduzi. Picha hizo zimekuwa zikizunguka, mara nyingi vipandevipande, kila mvutano ukizitumia kwa hoja yake: huyu akizitaja kuwa hati ya mauaji, yule akizitilia shaka. Ushahidi ulioachwa bila ya mlinzi wa maelezo yake umekuwa kuni za ugomvi. Picha za Amin za mwezi uleule zinastahiki hatima iliyo bora kuliko hiyo.

Ama suali zito kuliko yote linamhusu asiyetajwa katika hati yoyote ya urithi, naye ni aliyepigwa picha. Sheria za hakimiliki humlinda aliyeshika kamera, na baada yake humlinda mrithi wake. Mama wa Korem aliyempakata mtoto wake alfajiri ile hana fungu. Hakuulizwa, na pengine hakujua kwamba tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ingeuonyesha msiba wake kwa ulimwengu.

Atakayetetea picha zile ana hoja yenye nguvu. Bila ya hizo, dunia ilikuwa imelala. Zilipoonyeshwa, michango ilimiminika, na mwaka 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia. Anayesema kwamba heshima ya aliye na njaa ingelindwa kwa kumficha, anamtaka afe kwa heshima. Amin aliinua kamera kwa ajili ya walio hai, na hilo linatosha kumtoa lawamani.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake. Haja ya 1984 ndiyo iliyohalalisha picha ya 1984. Haja ile imepita, na picha ingalipo, tena sasa ina mbawa. Zamani aliyeitaka ilimlazimu kubisha mlango kwa mtunzaji, na mtunzaji akamuuliza: ya nini? Suali hilo dogo lilikuwa ndilo ulinzi wa mama yule. Picha ya dijitali iliyoachiwa huru haiulizi. Huweza kupamba tangazo la biashara, au kejeli, au makala juu ya nchi nyingine na mwaka mwingine. Kwa hivyo kosa haliko katika kuihifadhi, wala katika kuionyesha. Liko katika kuionyesha mahali ambapo suali la "ya nini" halina tena wa kuliuliza.

Kutokana na hayo, neno lililo sawa kwa urithi huu si mali. Ni amana. Mwenye mali hutumia apendavyo, na mwenye amana hujibu. Kwa marehemu hujibu kwamba kazi yake yote imetunzwa, si ile tu iliyompa sifa. Kwa aliyepigwa picha, kwamba uso wake haukuuzwa kando ya kisa chake. Kwa atakayezaliwa, kwamba alichokikuta ni kweli, na daftari lake limo. Dijitali ni chombo chema cha kuitekeleza amana hiyo, lakini haiwezi kuichukua yenyewe, kama vile jahazi lisivyoweza kuwa nahodha.

Na kazi ina mpangilio wake wa haraka. Mashine ya kuskani inaweza kungoja, na mwakani itapatikana iliyo bora zaidi. Wasioweza kungoja ni watu. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini Januari 1964 amekwisha kuvuka themanini. Ndiye anayeweza kuitazama picha ya umati na kusema huyu ni fulani wa Ng'ambo, na huyu ni nduguye, na pale ndipo palipokuwa na duka la baba yake. Leo picha hiyo inaweza kufikishwa barazani kwake kwa simu ya mjukuu. Ikifika baada yake, itakuwa safi, angavu, imenakiliwa mara elfu, na hakuna atakayejua ni nani.