Deni Lililomo Ndani ya Tonge

Wapo watakaosema kwamba swali la falsafa haliwezi kutoka jikoni. Hao tuwaache na vitabu vyao. Langu limetoka jikoni, tena jiko la mkaa, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja hapa Kariakoo, na nimelizunguka wiki kadhaa bila kulimaliza. Swali lenyewe ni hili: mtu akila tonge tamu, anadaiwa na nani?

Tonge nalieleza kwanza, maana nikianza kufikiri kwa sauti kabla hujajua ninachokula, utaniona nazuga tu. Nusu kilo ya kamba kutoka Feri. Nawamenya maganda, natoa ule uzi mweusi wa mgongoni, nawaosha kwa ndimu. Kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, shina jeupe la mchaichai lililokatwa vyembamba kabisa, pilipili mbuzi moja: vyote kwenye kinu. Mafuta yakishika moto natia hivyo vilivyotwangwa, vikinukia natia kamba. Dakika tatu hazifiki, kamba keshageuka rangi na kujikunja. Toa hapo hapo, ukimchelewesha anakuwa raba. Nakamulia ndimu, natia sukari guru kidogo na chumvi ya samaki. Wathai wana mchuzi wao wa samaki, ambao ni samaki wadogo waliolazwa na chumvi miezi mingi mpaka wakatoa maji. Mimi sina, kwa hiyo naloweka uduvi katika maji ya moto yenye chumvi, nachuja, natumia hayo. Kisha jani la saladi, bichi, lililooshwa vizuri na kukung'utwa maji. Ndani yake kijiko cha kamba, karanga zilizopondwa, nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu, kotmiri, nanaa. Unakunja, unatia kinywani. Basi.

Mara ya kwanza harufu ilipotoka uani, kijana wa chumba cha pili alichungulia akauliza, "Mshikaji, leo umekuwa Mchina?" Nikamwambia ni cha Kithai. Akacheka. "Haya bwana, mtoto wa mjini. Wenzako tunakula ugali na dagaa, wewe unaiga watu hata hujawaona."

Hilo ndilo dai la kwanza, na si dogo. Sisi tunaoandika tunalijua kuliko wapishi. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, walimkalia kooni: anaiga Wazungu, anaharibu urithi. Ubishi ule ulidumu miaka mingi. Lakini waliokuwa wakilinda urithi walikuwa wanalinda kitu kinachoitwa *shairi*, na neno hilo ni la Kiarabu. Waliotutangulia waliazima, wakakaa nacho, wakakiimba mpaka kikawa chao, halafu wajukuu wao wakasahau kwamba kiliazimwa.

Jikoni ni vile vile. Huyo ndugu yangu anayenicheka, ugali wake ni wa mahindi, na mahindi hayakuota hapa tangu enzi. Asili yake ni bara la Amerika. Muhogo hali kadhalika. Karanga hali kadhalika. Pilipili ninayotwanga ilivuka bahari na Wareno katika karne ya 16, na ni hao hao waliozipeleka Asia. Maana yake Mthai na Mswahili walianza kuwashwa ulimi takriban wakati mmoja, kwa mzigo wa mtu yule yule. Hata neno letu *pilipili* ni la zamani kuliko tunda tunaloliita hivyo, maana lilikuja na pilipili manga ya Bara Hindi, kisha mgeni alipofika tukamvika jina la mwenyeji.

Na jani je? Wathai wana chakula kiitwacho *miang kham*. *Miang* ni kitu kilichofungwa ndani ya jani, *kham* ni tonge moja. Jani lao la asili si saladi, ni jamaa wa karibu wa tambuu. Ndani wanatia kamba wakavu wadogo, nazi, karanga, tangawizi, ndimu, pilipili. Bibi wa chumba cha mbele, nilipompelekea sahani, aliligeuza tonge akalitazama kwa muda.

"Shikamoo bibi, onja."

"Marahaba mwanangu. Sasa hii si tambuu hii? Mmeitoa popoo na chokaa mkatia kamba."

Bibi huyo hajafika Bangkok, lakini kwa sentensi moja alilielewa jambo kuliko mimi niliyesoma. Mwambao huu umekunja vitu kwenye majani tangu zamani. Kwa hiyo dai la kuiga nalijibu hivi: kuna vitu ukimwazima mwenzio havipungui kwake. Nikijua kukunja jani, Mthai hajasahau kukunja lake. Anachoweza kupoteza ni jina, endapo nitatangaza kwamba nimebuni mwenyewe. Ndiyo maana nasema ni cha Kithai, ingawa mchuzi wao sina na jani lao sina. Kumtaja uliyejifunza kwake ndiyo malipo ya deni la namna hiyo, nayo hayagharimu hata senti. Mwandishi anayeficha alikojifunza, huyo ndiye mwizi.

Deni hilo basi tumelilipa. Lakini ndani ya jani kuna kitu cha pili, na hicho kinapungua. Kamba niliyemla mimi hali mtu mwingine.

Twende Feri. Soko la sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, pembeni ya kivuko cha Kigamboni, na asubuhi ukifika utakuta mnada umechangamka kabla jua halijapata nguvu. Samaki anauzwa kwa sauti. Anayenunua mnadani anagawa mafungu, anawauzia wachuuzi, wachuuzi wanatuuzia sisi. Pesa inayorudi chomboni nayo ina safari yake: mafuta na barafu vinatolewa kwanza, mwenye chombo anachukua fungu lake, kinachobaki ndicho mabaharia wanagawana. Kamba ni mali ya wasiwasi. Dagaa mkavu anaweza kulala, anaweza kusubiri wiki. Kamba bila barafu hasubiri, na barafu ni pesa. Kila saa inayopita inamfanyia kazi mnunuzi.

Siku moja nilimsikia mchuuzi mmoja akimwambia mteja aliyekuwa amezunguka meza yake mara tatu tangu asubuhi: "Kaka, mimi nakujua. Wewe unasubiri kamba anuke ndiyo unipe bei yako." Yule mteja alicheka tu, akasema biashara ni maelewano.

Biashara ni maelewano, sawa. Kupatana bei ni adabu yetu, na asiyepatana anaonekana ama ana maringo ama ni mgeni. Lakini maelewano ni ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana akaenda zake. Saa sita mchana, juani, mwenye ndoo ya kamba hana hapana. Utaniuliza: sasa nani alaumiwe bei ikishuka mchana? Asipokuja mtu wa kununua kwa bei ya chini, si kamba watamwagwa? Kweli kabisa. Anayefika saa sita kwa sababu ndiyo saa yake, akanunua kilichobaki kwa bei ya saa hiyo, amemwokoa mchuuzi. Namsema yule aliyekuwepo saa mbili, mwenye pesa mfukoni, akaamua kuufanya uozo wa mali ya mwenzake uwe mzani wake. Wote wawili wanaweza kulipa shilingi zile zile, na bado mmoja wao tu ndiye amefanya jambo la aibu. Ukiangalia bei peke yake hutaiona tofauti hiyo.

Dunia nzima inapenda kamba wa bei rahisi, na urahisi huo umelipiwa na watu. Thailand kwenyewe, ambako tonge langu limetoka, miaka ya 1980 na 1990 mikoko mingi ilikatwa yachimbwe mabwawa ya kufugia kamba. Mabwawa mengine yalidumu miaka michache, ugonjwa ukaingia, yakatelekezwa, na mikoko haikuwepo tena. Mwaka 2014 gazeti la *The Guardian* la Uingereza lilieleza jinsi baadhi ya samaki wa kutengenezea chakula cha kamba hao walivyokuwa wakivuliwa na watu wa Myanmar na Cambodia waliouzwa melini kama watumwa. Mwaka uliofuata waandishi wa shirika la habari la Associated Press waliwafuata watu wa namna hiyo hadi kisiwani huko Indonesia. Zaidi ya 2,000 waliachiwa huru, na kazi hiyo ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2016.

Usiseme hayo ni ya huko. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, na kamba wengi tunaowaona mezani Feri wana undugu na mikoko. Kamba mkubwa hutaga baharini, vitoto vyake huingia kwenye vijito vya mikoko kukulia humo, vikikomaa vinarudi baharini. Miaka ya 1990 kampuni moja iliomba kujenga humo mabwawa ya kamba ya takriban hekta 10,000. Baraza la taifa la mazingira lilishauri mradi ukataliwe, lakini Serikali iliukubali mwaka 1997. Wanavijiji wa delta, wakulima wa mpunga na wavuvi, walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira. Mabwawa yale hayakujengwa. Yangejengwa, labda leo kamba angekuwa rahisi Kariakoo, na mimi ningekuwa nakula kila Jumapili nikisifu maendeleo.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa bei. Bei ya kamba wa chombo kidogo inauma, lakini inauma mahali panapostahili, yaani mfukoni mwangu mimi mlaji. Ikishuka ghafla, maumivu hayakufutika. Yamehamia kwa mtu nisiyemwona.

Linabaki dai la tatu, la yule kijana aliyecheka. Aliposema "wenzako tunakula ugali na dagaa", neno zito lilikuwa *wenzako*. Nyumba ya ua mmoja haina siri ya chakula. Harufu haigongi mlango. Ukikaanga mchaichai na kamba, watu wa vyumba sita wamekula puani kabla yako, na watoto wao wamepata hamu ambayo mama zao hawakuipangia bajeti. Je, ni makosa kula vizuri kati ya watu wasioweza? Sidhani. Anayekula vibaya makusudi ili afanane na jirani hajamshibisha jirani. Ila kula vizuri na kufunga mlango, hilo wazee wetu walilipa jina baya, uchoyo, na sijapata hoja ya kuwapinga.

Chakula hiki chenyewe kinanisaidia, maana hakina sahani ya mtu mmoja. Unaweka sinia katikati, majani huku, kamba huku, karanga huku, kila mtu anakunja lake. Nusu kilo kwa watu wanane ni matonge mawili mawili. Haishibishi, kila mtu anarudi kwenye ugali wake, na mimi pia. Mtoto mmoja alisema tunakula majani kama mbuzi, akaomba la tatu. Wala sisemi kwamba matonge mawili ni haki. Hiyo ni adabu tu. Haki ingekuwa kila chumba kiweze kununua nusu kilo yake, na hilo halitatoka kwenye sinia langu.

Sasa nifike pale niliposhindwa. Tuseme ninyi wote mnaosoma mmevutiwa, mmekwenda Feri saa mbili, mmelipa bei ya haki bila kumsubiri kamba anuke. Wanunuzi wameongezeka, bei imepanda, mvuvi kapata. Vizuri. Lakini bei ikipanda, mvuvi mwenyewe, yule aliyekesha majini, hatamla tena. Atamuuza wote, atanunua dagaa, na mtoto wake atakua akijua kamba kama kitu cha kupima kwenye mzani. Nikikataa kununua, namnyima pesa. Nikinunua, namwondolea kamba mezani kwake. Nimejaribu kujiambia kwamba yeye ndiye anayechagua, lakini nimekwisha sema hapo juu kuhusu mtu asiye na *hapana*.

Kwa hiyo kwa sasa nakula mara chache, nalipa mapema, natoa sinia uani, natwaja walionifundisha kwa jina lao. Deni la mwisho bado liko kwenye daftari. Kama wewe una jibu, andika. Usiniletee methali, methali ninazo. Niletee hoja, kurasa hizi ni zako pia.