Nani Humwamsha wa Kwanza?

Windows haijiamshi. Huamshwa na BIOS, programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu ya ubao mkuu. Na hiyo BIOS husomwa na prosesa, ambayo umeme ukifika huanzia anwani moja tu, iliyopangwa kiwandani. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki 1037, alishikilia kwamba mlolongo wa vinavyotegemea vingine lazima uishie kwa Asiyetegemea chochote.

Mteja wangu, kijana wa gemu, alikatikiwa na umeme akisasisha BIOS, ikiwa nusu imeandikwa, na betri ya laptopu ilishakufa. Feni zinavuma, kioo cheusi. Kuweka Windows upya, ambako wengi hukimbilia, ni kazi bure: wa kuipokea ndiye aliyefutika. Nikabana klipu kwenye chipu ya miguu minane, nikaiandika upya kutoka kompyuta nyingine. Ikawaka.

“Fundi, na hiyo yako iliandikwa na nani?”

“Na nyingine.”

“Na hiyo nyingine?”

Nikamweleza kuhusu Altair 8800 ya 1975, iliyoingiziwa amri zake za kwanza kwa swichi, kwa kidole cha mtu. Kwangu hoja ya Ibn Sina inaanzia hapo hasa, kwenye kidole. Chipu haithibitishi kitu.

“Na huyo mtu je?”

Nikamwambia alipe kwanza.