Je, Asiyeelewa ni Mkaidi?

Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja, jirani yangu, aliyekatwa vidole viwili vya mguu kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Habari zilipofika kanisani wengi walisema, "Mkaidi yule, aliambiwa na waganga, hakusikia." Nami niliitikia kwa kichwa. Lakini tangu siku ile swali hili halijaniacha: mtu aliyeambiwa asielewe, je, ni mkaidi? Na kama si mkaidi, kosa ni la nani?

Basi niwaeleze alivyofanya. Aliambiwa asile sukari, akaiacha kabisa, hata katika chai hakutia. Ila ugali aliendelea kula mlima ule ule, na soda alikunywa, maana kwake soda ni soda na sukari ni sukari. Hakufahamu kwamba ugali, wali na muhogo navyo hugeuka sukari ndani ya damu. Vidonge alivimeza, alipopata nafuu akaviacha, kama tulivyozoea kwa malaria: unameza, unapona, basi. Wala hakujua kwamba kisukari huitia miguu ganzi, hata mtu akachomwa na mwiba asisikie. Kila neno alilolielewa alilitii. Huo ni ukaidi wa namna gani?

Wako watakaosema, mtu mzima aulize. Ni kweli, tena namjua mwingine aliyeelewa yote na bado hakuacha pombe, huyo simtetei. Lakini kuuliza nako ni elimu. Asiyejua hajui hata cha kuuliza, na mbele ya benchi lililojaa wagonjwa, na muuguzi mmoja aliyechoka, nani atathubutu kusema, "Sijaelewa"?

Chuoni tulikosomea ualimu tulionywa tusiliulize darasa "Mmeelewa?", kwa maana wote watajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Mwite mmoja ubaoni akuonyeshe. Na darasa zima likishindwa hesabu, mwalimu ajitazame. Nilifundisha kwa kanuni hiyo miaka mingi, na hapo ndipo dhamiri yangu inaponishitaki. Maana mzee yule alinijia na cheti chake cha hospitali akasema, "Mwalimu, nisomee." Nikamsomea, maneno ya Kiingereza nikiyageuza upesi upesi, kwa kuwa nilikuwa nawahi kikao cha kamati ya kanisa. Akashukuru, akaenda. Sikumwambia, "Haya, sasa nieleze wewe utafanya nini."

Filipo alipomkuta yule towashi Mwethiopia akisoma kitabu cha Isaya garini, alitaka kwanza kujua kama maana imemfikia, kisha akapanda akaketi naye. Mimi nilisimama njiani nikasoma kwa sauti, gari likapita.

Insulini iligunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa kwayo. Wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja moja tu, wasitake kujitajirisha kwa uhai wa watu. Hao walitoa kitu kikubwa. Sisi tuliotakiwa robo saa ya maelezo tuna udhuru gani?

Yako mambo yasiyohitaji hata senti. Chai ya baada ya Misa isitiwe sukari ndani ya birika; sukari iwekwe kando. Kwaresima ikifika, mwenye kutumia insulini au vidonge asifunge kabla ya kumwuliza mganga wake. Na mtu wa namna hiyo akitetemeka, akatoka jasho na kusema ovyo, tusimdhanie mlevi: huenda sukari imeshuka, na kama aweza kumeza apewe upesi kitu kitamu. Ndiyo, sukari ile ile aliyokatazwa; ndiyo maana nasema jambo hili lataka mwalimu.

Mzee sasa huja kwangu Jumamosi jioni. Tunazitazama nyayo zake kwa kioo changu cha kunyolea, maana kuinama hawezi. Juma lililopita nilimwambia anifundishe mimi. Akataja vidonge vya kila siku, akataja ugali wa ngumi moja na mboga nyingi, akataja kutotembea peku. La soda alilisahau. Tukaanza tena.