Mtoto Aliyenyamaza

Wiki hii dada mmoja ameniuliza: je, ni dhambi mama kumwacha mtoto wa miaka miwili na kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani? Wengi wetu hapa Malindi twajua nyumba kama hiyo. Kontrakti ni miaka miwili, na mtoto amebaki na nyanya.

Mimi sitamwita mwenye dhambi. Karo inadaiwa, unga nao unanunuliwa. Hana mwenyewe alimwacha Samweli kule Shilo baada tu ya kumwachisha ziwa. Lakini soma 1 Samweli 2:19 polepole. Kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo. Mtu hawezi kumshonea mtoto asiyemwona bila kukaa akiwaza amerefuka kiasi gani.

Kinachonitia hofu ni lile neno letu: "Aah, ameshazoea, halii tena." Huko Uingereza, James Robertson alichunguza watoto waliolazwa hospitalini bila mama zao, na mwaka 1952 akatoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku 8. Yeye na daktari John Bowlby waliona kwamba mtoto kwanza hulia akimdai mama, kisha hukata tamaa, halafu hutulia. Watu wazima hufurahia ule utulivu. Kumbe mtoto ameanza kuufunga moyo! Ndiyo maana mama akirudi na masanduku yake, mtoto hujificha nyuma ya nyanya, na mama huona amelipwa ubaya.

Hata hivyo habari si mbaya yote. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alitembelea nyumba za vijijini karibu na Kampala, akaona watoto wachanga wakishikamana na mama, na wengine pia na baba ama nyanya. Mtoto akijua mtu wake yupo pale, hutambaa kwenda kuchungulia dunia, hurudi, huenda tena. Kwa hivyo kumhamisha mtoto leo kwa nyanya, mwezi ujao kwa shangazi, halafu kwa jirani, ni kumvunja mara tatu.

Tena kuna hii tabia ya kutoroka alfajiri mtoto akiwa amelala, eti asilie. Mwache alie! Dada, ukiamua kwenda, mwambie mchana, nyanya akiwepo, hata kama hataelewa yote, na akilia keti naye.

Na baba yake yuko wapi katika habari hii? Elkana alipanda Shilo pamoja na Hana kila mwaka. Hilo tutaliuliza kwenye kikao cha wanaume Jumamosi.