Kila Mtu, Si Kila Raia



Bwana wetu alikuwa bado tumboni, na tayari serikali ilikuwa inataka kuandika familia yake. Mnakumbuka Luka sura ya 2: Kaisari Augusto ametoa amri, na Yosefu anasafiri na Maria mjamzito mpaka Bethlehemu kwa sababu huko ndiko kwenye ukoo wa Daudi. Sasa fungua Mathayo sura ya 2. Ni usiku, wanakimbilia Misri, na huko nani anajua habari za ukoo wa Daudi? Mwaka 1952 Papa Pio XII, katika Exsul Familia, aliitaja Familia hiyo iliyo uhamishoni kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi.

Nairobi yetu ina watu wengi wanaoishi hiyo Mathayo 2. Wengine ni wageni kweli, wametoka nchi jirani. Lakini wengine wamezaliwa hapa hapa, na hapa ndipo wengi wetu hushangaa. Babu zao Wanubi wa Kibera waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Mwingereza, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado vijana wao wamekuwa wakihojiwa na kamati ndipo wapewe kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa Afrika kuhusu haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Washona nao walikuja miaka ya 1960 kutoka Zimbabwe ya leo, kuhubiri (si Wakatoliki, lakini bidii yao tungeiazima kidogo). Serikali ilitangaza kuwatambua Desemba 2020. Hebu piga hesabu: mtu anazaliwa, anaoa, anapata wajukuu, na bado hana karatasi.

Katika parokia moja ya mjini nilikotumwa kwa uchungaji kulikuwa na dada mmoja wa kwaya, miaka 22, hana kitambulisho. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la rafiki. Kwa hiyo akifua nguo za watu na kulipwa kwa M-Pesa, kwa karatasi pesa ni ya huyo rafiki, na wakikosana, basi. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, inataka nambari ya kitambulisho. Ukifika kwenye jengo la ofisi, soja wa getini anakidai kabla hujasema unamtafuta nani. Yaani hata kwenda kulalamika kwamba huna kitambulisho, unaulizwa kitambulisho! Nilimuuliza wakiugua wanafanyaje. Akaniambia, "Frateri, kwetu hatuendi hosi. Tunangoja ipite."

Kwenye falsafa tulifundishwa maana ya nafsi kwa mujibu wa Boethius: mmoja mahususi, mwenye asili ya akili. Ni hayo tu. Hakuna nambari pale. Na cha kushangaza, Katiba yetu ya 2010 iko karibu na Boethius kuliko soja wa getini. Kifungu cha 43, kinachotaja afya, maji, chakula, makao na elimu, kinazungumzia kila mtu, si kila raia, na kinakataza kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu azaliwe.

Najua mtaniambia habari za usalama. Ni kweli, tumezika watu katika nchi hii. Katekismu yenyewe, namba 2241, inakubali kwamba serikali inaweza kuweka masharti, na inamtaka mgeni atii sheria za nchi iliyompokea. Sina ubishi na hilo. Lakini mtoto mwenye homa anatishia usalama wa nani? Tena mwenye nia mbaya huwa na pesa ya kununua karatasi. Anayebaki nje ni yule fukara. Papa Fransisko katika Fratelli Tutti, namba 130, anataja huduma za msingi, hati za utambulisho na hata akaunti ya benki, pamoja, kama mambo tunayowiwa na wanaokimbia.

Sasa tuje kwetu, maana ni rahisi kulaumu serikali. Fomu za msaada wa karo pale parokiani, kwa nini zinadai kopi ya kitambulisho cha mzazi? Nimeuliza mahali pawili, na jibu ni kwamba ndivyo fomu ilivyo. Fomu tuliichapa sisi wenyewe! Kamati ya vijana inaweza kuomba ibadilishwe: ushuhuda wa mwenyekiti wa jumuiya unatosha.

Halafu kuna kadi ya ubatizo. Mtu akiandikisha kuzaliwa akiwa amechelewa, kadi hiyo huwa kati ya karatasi za kuunga mkono ombi lake. Kwa wengine ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina lao. Kwa hiyo kama unasaidia ofisini Jumamosi, na mtu amekuja kutafuta jina lake kwenye daftari la ubatizo la 2003, usimwambie arudi wiki ijayo. Tafuta siku hiyohiyo. Na akienda kwa chifu, mmoja wenu amsindikize, abebe na kopi ya pili.